Chupa za Kubisha Hodi

Desemba 3

Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, limefika. Asubuhi mnara wa kanisa la Wamethodisti haukuonekana, na bahari imebaki sauti tu. Midomo imepasuka. Aba, mdogo wangu, amenipaka siagi ya shea kama mtu anayepaka mafuta kikaangio, kisha akawasha redio. Rais ametaja majaji anaotaka waingie Mahakama ya Juu. Jina la tatu lilikuwa Baaba Essilfie.

Aba akapunguza sauti. "Dada, huyu si yule msichana tuliyekwenda kumposea mwanao Fiifi?"

"Ndiye."

"Yule yule waliyetunyima?"

"Nimesema ndiye, Aba."

"Haya, nimenyamaza. Mdomo wenyewe umekauka."

Daktari anasema moyo umechoka na maji yanapanda miguuni. Hakusema nitaumaliza msimu huu, wala hakusema sitaumaliza. Nimekuwa wakili, nimekuwa mbunge wa Cape Coast kwa miaka mingi. Namjua mtu anayekwepa swali. Kwa hiyo nimeanza kuandika. Kuna jambo sitaki kuzikwa nalo, na sijawahi kulisema kwa sauti hata chumbani peke yangu.

Desemba 4

Kikohozi. Uji na koose mbili, vile vitumbua vya kunde. Nimeacha moja na nusu.

Desemba 7

Leo nina nguvu kidogo, nitaandika lote.

Kwetu Wafante hupeleki posa kwa maneno matupu. Wazee wako wanakwenda nyumbani kwa msichana na chupa mbili za pombe kali, wanabisha hodi, wanasema tumeona ua zuri katika boma hili. Wenye nyumba wanapokea chupa, wanaomba muda wa kufikiri. Wakikubali, chupa zinafunguliwa siku nyingine mbele ya wote. Wakikataa, chupa zinarudishwa zikiwa hazijafunguliwa, kwa mlango wa nyuma, na tangu hapo nyumba zote mbili zinaishi kana kwamba hakuna aliyekwenda kokote. Halizungumzwi tena, ili kijana asichekwe na msichana asisengenywe.

Miaka ishirini na kitu iliyopita mwanangu Fiifi alimpenda Baaba, binti wa Jaji Kwamena Essilfie. Nilimtuma shemeji yangu Kobina akabishe hodi, kwa kuwa alikuwa na ulimi mtamu. Sikuzingatia kwamba Kobina alikuwa shahidi katika kesi ya ardhi ya soko, na kwamba kesi hiyo ilikuwa mezani kwa Jaji Essilfie. Mimi, wakili! Harusi ilinitia upofu.

Wakati wale wakifikiri, shangazi wa jaji akafa. Nyumba yenye msiba haitoi chupa za posa hadi maziko yaishe. Basi chupa zetu zikakaa chini ya ngazi wiki nzima, waombolezaji wakipita na kuziona. Wiki hiyohiyo hukumu ya soko ikasomwa, na upande wa Kobina ukashinda. Baada ya maziko chupa zikarudi kwangu kwa mlango wa nyuma. Mwanangu amekataliwa. Nikaamini jaji ametuona watu wadogo, na nikamchukia kwa chuki safi, isiyo na kelele.

Mwaka uliofuata jaji akateuliwa Mahakama ya Juu, na mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya bunge inayowapiga msasa wateule. Mtu akaleta malalamiko: shahidi wa kesi ya soko alionekana akiingia kwa jaji na chupa mbili, na chupa zilionekana na watu wengi.

Mwenyekiti alimuuliza mbele ya kamera: "Mteule, nani alimtuma shahidi yule kwako na chupa zile, na za nini?"

Akajibu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, hilo lilikuwa jambo la nyumbani, nalo limekwisha."

Kisha akanitazama. Mimi nilikuwa nafunua kurasa.

Tulipofunga milango, kamati iligawanyika. Mwenyekiti akanigeukia. "Mheshimiwa Araba, wewe ni mtu wa Cape Coast. Unajua lolote?" Nikasema, "Sina la kusaidia." Akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Katika kamati ile asiyesema amekubali. Tulipeleka bungeni pendekezo la kumkataa, kwa kauli moja, na kauli yangu ikiwemo. Wabunge wakapiga kura ya siri, wakamkataa.

Alifariki msimu wa pili wa vumbi baada ya hapo, ameketi kibarazani kwake. Hakuwahi kutaja chupa zile ni za nani. Yeye alinyamaza kwa adabu, mimi kwa chuki, na pale mezani ukimya wetu ulifanana kabisa.

Desemba 8

Nimelala mchana kutwa.

Desemba 11

Leo nimemwona.

Ilikuwa saa za adhuhuri, vumbi limetanda mpaka jua limekuwa kama sahani ya bati. Alisimama getini, suti ya kijivu, anafunga kifungo cha mkono wa shati kama alivyozoea kabla ya kusoma hukumu.

"Aba, kuna mtu getini."

Aba alikuwa anachambua maharage. Akainuka, akaangalia, akarudi kwenye ungo wake. "Hakuna mtu."

"Jaji Essilfie."

Akapeta maharage mara moja. "Mwambie aingie basi. Ila asitegemee chai, gesi imekwisha."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilipotazama tena alikuwa amekwisha kuvuka ua.

Desemba 15

Tangazo limetoka gazetini: mwananchi mwenye maoni juu ya wateule ayapeleke kwa kamati kabla ya mwisho wa mwezi. Jioni mtu alipiga simu redioni. "Huyo mama ni binti wa yule jaji wa chupa mbili. Mnataka kutuwekea ukoo uleule mahakamani?" Mtangazaji akacheka. Aba akatupa kijiko kwenye sinki.

Mezani jaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu. Hasemi kitu. Vumbi linamtua mabegani na hapangusi.

Desemba 17

Fiifi amekuja kutoka Accra, na machungwa na dawa. Tumbo limetangulia mbele, mvi zimeanza. Ni mbunge sasa, kwenye jimbo nililoshika mimi, na tangu mwaka jana yumo katika kamati ileile. Nilikuwa nikijivunia hilo.

Nikamwambia nataka kupeleka maelezo yangu.

"Mama, tafadhali. Subiri hili lipite."

"Likipita litakuwa limempitia yeye, Fiifi."

"Hawatamkataa kwa ajili ya baba yake."

"Hivyo ndivyo nilivyojiambia na mimi."

Akainuka, akasimama dirishani. "Unajua watasemaje? Watasema Mheshimiwa Fiifi anampiga msasa mwanamke aliyemkataa. Kila mtu bungeni atakuwa na utani wake. Na mke wangu je? Na wewe? Watakuita muuaji, Mama, kwenye redio, asubuhi, watu wakinywa uji."

"Wewe ulijua?" nikamuuliza. "Wakati ule, ulijua kwamba chupa zile ni zetu?"

Akavuta pazia, akaliachia. "Nilikuwa na miaka ishirini na tisa," akasema. "Si mtoto. Nilijua."

Aba akaingia na supu ya mawese, akatuangalia mmoja mmoja. "Kuleni kwanza. Aibu hailiki, hii inalika."

Fiifi alikula kidogo akaondoka. Nimemlea mwenyewe. Alichojifunza kuhusu kukaa kimya alijifunzia mezani kwangu.

Desemba 20

Nilidhani kuna njia ya pembeni. Kwetu aliyekosea nyumba ya watu hupeleka chupa ya kuomba suluhu. Nilimtuma Aba kwa mjane wa jaji, Maame Esaaba, anayeishi bado nyuma ya shule ya wasichana. Nilijiambia nikisamehewa na wenyewe, kamati haitakuwa na kazi nami tena.

Aba amerudi na chupa mkononi.

"Alisemaje?"

"Alinikaribisha vizuri. Akanipa maji. Akaniuliza hali ya magoti yangu. Nikaeleza nimetumwa na nani na kwa nini, yote kama ulivyoniambia. Akasikiliza mpaka mwisho, macho makavu. Halafu akasema, 'Mwambie dada yako hakunyamazia sebuleni kwangu. Akaseme palepale aliponyamazia.'"

"Basi?"

"Basi. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono tuvuke. Dada, mimi ningependa angenitukana."

Desemba 25

Krismasi. Wajukuu wamepiga simu. Sikwenda kanisani.

Desemba 29

Pumzi mbaya siku nne hizi. Daktari amekuja nyumbani, ameongeza vidonge vya kutoa maji. Mkono haukuweza kushika kalamu, na leo ndiyo naona tarehe. Nimemwomba Aba apige simu Accra. Ofisi zimefungwa kwa sikukuu.

Huyu mwenzangu, jaji, sasa hukaa karibu zaidi. Leo alikuwa upande wa pili wa kitanda, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Januari 5

Nimezungumza na katibu wa kamati, kijana mwenye adabu. Akaniita Mheshimiwa. Muda wa maoni umefungwa, akasema, na kikao cha Baaba ni juma lijalo.

"Hakuna namna?"

"Ipo moja tu, Mheshimiwa, unaijua wewe kuliko mimi. Mjumbe wa kamati aombe kikaoni uitwe kuwa shahidi. Na aeleze kwa nini."

Naijua. Nilisaidia kuiandika kanuni hiyo.

"Tena mwanao yumo," akaongeza kwa furaha, akidhani ananisaidia.

Januari 8

Simu kwa Fiifi. Mara mbili haikupokelewa. Mara ya tatu:

"Niko kikaoni, Mama."

"Sitachukua muda. Nataka uombe niitwe."

"Tulishazungumza."

"Ulizungumza wewe. Sasa mimi. Wakati ule niliulizwa nikiwa mzima, nina meno yangu yote, nina sauti ya kuamsha mtaa. Nikasema sina la kusaidia. Tangu hapo nimekula vizuri, nimelala vizuri, nimezeeka vizuri. Ndicho kinachonitisha, Fiifi. Kwamba mtu anaweza. Na wewe utaweza, uko kama mimi. Sitaki uweze."

Nikamsikia anapumua.

"Unaongea kama mtu anayeaga," akasema.

"Ninaaga."

"Mama, nitakupigia."

Hakupiga.

Januari 10

Vumbi zito kuliko siku zote. Milango imekauka ikasinyaa, inagongagonga kwenye fremu zake hata bila upepo. Aba amekunja magazeti ameyatia kwenye mianya. Bado inagonga.

Januari 13

Kikao kilioneshwa moja kwa moja. Aba alinikalisha na mito mitatu mgongoni.

Baaba amenenepa usoni, amevaa nyeusi, shanga moja shingoni. Aliapa kwa Biblia. Waliomtangulia kuuliza walimuuliza hukumu zake, dhamana, haki za wafungwa; akajibu bila haraka, kwa sauti ya baba yake. Kisha ikafika zamu ya mbunge mmoja wa upande wa pili, mrefu, mwenye tabasamu.

"Mteule, baba yako alikataliwa na nyumba hii kwa sababu ya chupa mbili. Wewe ulikuwa unaishi chini ya dari hiyo. Unajua nani alizituma?"

"Najua, Mheshimiwa."

Yule mrefu akasogea mbele.

"Tuambie."

"Sitasema."

"Umeapa hapa sasa hivi!"

"Nimeapa kusema kweli, na kweli ni kwamba najua. Baba yangu aliliita jambo la nyumbani. Si langu kulitoa nje."

Minong'ono. Mwenyekiti akagonga meza. Yule mrefu akaegemea nyuma, ameridhika. "Mheshimiwa Mwenyekiti, baba alikataa kujibu, binti anakataa kujibu. Kwangu mimi hili limejibika."

Aba akasema, "Mungu wangu, wanammaliza." Mkono wangu ulikuwa mkononi mwake na niliona jinsi ulivyokuwa baridi kwa namna alivyoushika.

Mwenyekiti akamwita Fiifi.

Alifungua kipaza sauti, akakifunga, akakifungua tena. Kwa muda nilimwona anafunua kurasa. Nilifumba macho.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, sina swali kwa mteule. Nina jambo ambalo nilipaswa kulisema kabla sijakaa kwenye kiti hiki leo. Chupa zile zilitoka nyumbani kwetu. Zilikuwa za kubisha hodi. Aliyekuwa akiposwa ni mteule huyu, na aliyekuwa akiposa ni mimi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Fiifi akangoja. Jasho lilimtiririka sikioni.

"Chekeni, ni haki yenu. Alinikataa, na ilikuwa haki yake. Aliyewatuma wazee ni mama yangu, na mama yangu alikuwa mjumbe wa kamati hii siku Jaji Essilfie alipoulizwa. Naomba aitwe. Na naomba niondolewe katika kumwamulia mteule."

Akakusanya karatasi zake akatoka. Kamera ilimfuata mpaka mlangoni, kisha ikarudi kwa Baaba. Alikuwa ameinamisha kichwa. Sikuuona uso wake.

"Mtoto wako huyo," alisema Aba, analia na kufuta pua kwa khanga. "Huyo ni mtoto wako, Dada?"

Nikaubana mkono wake.

Januari 17

Nimekwenda Accra jana, nimelazwa kiti cha nyuma cha gari, chupa ya hewa pembeni. Walinipokea faragha. Kilikuwa chumba kilekile; wamebadilisha mapazia. Nilisema nilichoandika hapa tarehe saba Desemba, bila kupunguza. Yule mrefu aliniuliza kwa nini nimengoja hadi nikaribie kaburi. Nikamwambia kwa sababu mtu aliye karibu na kaburi hana cha kupoteza, na hilo si ujasiri, asinipongeze. Akasema hakuwa na nia hiyo.

Nikaomba kumbukumbu za bunge zirekebishwe, jina la Jaji Essilfie lisafishwe. Mwenyekiti, kwa upole, akasema bunge hili haliwezi kupiga upya kura ya bunge lile. Watanukuu maneno yangu katika taarifa ya Baaba. Zaidi ya hapo hakuna kifungu.

Kwenye ujia nikamkuta Baaba, amesimama peke yake. Aba akasimamisha kiti cha magurudumu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimechelewa kuja."

"Umechelewa, ndiyo." Hakuwa na hasira. Hasira ningejua la kuifanya. "Kuna kitu unapaswa kujua. Baba hakukataa posa yenu. Baba alimpenda Fiifi, alisema ana adabu. Aliyekataa ni mimi. Nilitaka kumaliza masomo. Baba akabeba yeye, msije mkanichukia."

Nikasema nimemchukia yeye miaka yote hiyo.

"Anajua," akasema, kisha akajisahihisha: "Alijua. Na asubuhi ile alipokuwa anakuja kuulizwa, mama yangu alimsihi aseme chupa ni za nani. Akafunga tai yake, akacheka. Akasema, 'Si mahali pangu kumtaja mtoto wa mtu. Lakini msiogope. Araba yumo mle ndani. Ni mwanasheria, ataeleza yeye.'"

Aliniombea heri ya safari, akaingia ndani.

Njia nzima nimekuwa nikiutazama upya ule mtazamo wa jaji siku ile kamatini. Miaka yote nilidhani alikuwa ananishutumu, au ananisihi. Kumbe alikuwa amenipa nafasi ya kuzungumza. Alinitazama kama mtu anavyomtazama rafiki ambaye zamu yake imefika.

Januari 18

Nilifikiri nikishasema ataondoka. Hajaondoka. Ameketi dirishani, ananitazama vilevile, kwa imani ileile, na sasa najua ni imani, na siwezi kuivumilia.

Januari 23

Bunge limepiga kura. Baaba amepita, kwa tofauti ya kura chache. Aba amepika kenkey, madonge ya mahindi yaliyochacha, na samaki wa kukaanga, amepeleka sahani kwa majirani, hakuwaambia sababu.

Fiifi amejiuzulu kamati. Redio imemcheka siku tatu, kama alivyosema, na mimi imeniita jina nililostahili. Amekuja Jumapili na mkewe. Hatukuzungumza siasa. Alinikata kucha za miguu, kitu ambacho hajawahi kufanya, akanijeruhi kidole kimoja, akaomba radhi kama mtoto.

Januari 29

Miguu imevimba hadi mapajani. Aba anageuza mito. Anadhani sisikii akilia jikoni.

Februari 2

Mvua ndogo imenyesha usiku, ya kwanza. Vumbi limeshuka na mnara wa kanisa umeonekana, mweupe, karibu kuliko nilivyokumbuka.

Maame Esaaba amekuja. Mwenyewe, na fimbo yake, amepanda kilima. Aba alimletea kiti, akakaa mbali kidogo na kitanda. Tulisikilizana pumzi, vikongwe wawili.

"Nimesikia ulichosema kule," akasema.

"Nilikisema kwa kuchelewa, Maame."

"Ndiyo." Akailaza fimbo mapajani. "Watu wa nyumbani wameniuliza, siku ukiondoka tufanyeje. Nimewaambia tutakuja mazishini. Tutavaa nyeusi na nyekundu, tutakaa mpaka mwisho. Lakini hatutakula chochote cha nyumba hii, na hatutakunywa hata maji; kula kwenu ni kusema yamekwisha. Nimeona heri nikuambie mwenyewe, usije ukaona vibaya."

"Sitaona vibaya."

"Basi." Akainuka kwa shida. Aba akataka kumshika mkono, akakataa. Akaushika ukingo wa kitanda changu, akasimama hapo mpaka magoti yakamkubali, kisha akaenda zake.

Nimemwambia Aba awawekee viti vya mbele, vya kivulini, idadi ya ukoo mzima. Asiwapitishie sinia, asiwabembeleze, asimruhusu mtu yeyote awaulize kwa nini hawali.